Alama za Baba Kwenye Bamba la Shaba

Kwanza nisameheni mwandiko. Herufi zangu zinalala ubavu, na najua yapo maneno humu nimeyaandika sivyo, atakayeyapiga chapa atayanyoosha. Nilisoma skuli ya msingi tu, na tangu nilipotoka sikupata sababu ya kuandika kitu kirefu kuliko kipimo cha kichwa cha mteja. Ukurasa mmoja hunichukua tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Kusema ndiyo siwezi kabisa. Wageni wakiingia nyumbani hutoa salamu nikakimbilia jikoni, nikakaa huko nikiosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Kwa hiyo naandika.

Ninayotaka kuandika ni habari ya injini ya baba, na kwa nini mpaka leo haijazunguka.

Tunakaa Mji Mkongwe, mimi na mama, vyumba viwili vya chini katika nyumba ya ghorofa. Mimi nashona kofia za viua. Baba alikuwa fundi wa pampu za maji, kibanda chake kilikuwa Mwanakwerekwe, yeye na rafiki yake mmoja. Injini hiyo aliianza kabla sijazaliwa. Ni ndogo, inakaa kwenye sinia la chai na nafasi inabaki. Ni ya mvuke: chini unawasha moto wa spiriti, maji yanachemka ndani ya boila, mvuke unapanda kwenye bomba jembamba la shaba, unasukuma pistoni, na pistoni inazungusha gurudumu. Boila alilitengeneza kwa dele, lile birika la shaba la kahawa, lililotoboka, alilopewa na muuza kahawa wa barazani kwetu. Alilikata shingo, akaliziba, akalilehemu. Ukilitazama vizuri bado unaliona lile tumbo la dele.

Zamani hapa mjini palikuwa na treni ya kwenda Bububu. Baba hakuiona, babu yake ndiye aliyeiona, na yeye ndiye aliyemhadithia. Basi baba akaiita injini yake "treni", ingawa haina reli wala behewa. Aliifikisha nusu, nikazaliwa mimi, kazi zikawa nyingi, akaifunga kwenye leso kuukuu na kuitia chini ya kitanda. Ikakaa humo miaka yote ya utoto wangu. Nilijua ipo kama mtu anavyojua yupo jamaa yake Pemba.

Mwaka uliopita masika yalikuwa makubwa, maji yakaingia chumbani, mama akavuta kila kitu kilichokuwa chini ya kitanda. Leso ilikuwa imeoza. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu jekundu, pistoni imegandana na silinda kama iliyopigwa gundi, na dele limekuwa la kijani. Mama alitaka kuitupa. Baba akaichukua, akaiweka magotini, akaipangusa tope.

"Ilikuwa imebaki kidogo tu," akasema.

"Kidogo hicho kina umri wa mtoto wako," mama akamjibu.

Tangu siku hiyo, kila akirudi kazini akila na kusali, alikaa ukumbini na treni yake. Aliitia pistoni mafuta ya taa, akaiacha ilowe, akaigongagonga kwa kipande cha mti, akaitia tena. Ilipolegea alinionesha kwa kuivuta na kuirudisha, na tulisikia inavyovuta pumzi. Gurudumu alilipiga msasa. Mimi nilishona kofia yangu pembeni na yeye akafanya yake, na hatukuwa na haja ya kuzungumza. Naamini hizo ndizo saa nilizokuwa karibu naye kuliko zote.

Lililobaki lilikuwa bamba. Nitalieleza, kwa sababu bila ya hilo hamtafahamu yaliyotokea. Silinda ya injini hii haikai tuli. Inayumba, kulia na kushoto, imeegemea bamba la shaba lililosimama wima. Kwenye bamba hutobolewa matundu. Silinda ikiyumba upande mmoja inakutana na tundu la kuingiza mvuke, ikiyumba upande wa pili inakutana na tundu la kuutoa. Matundu yakienda pembeni hata kidogo, mvuke unapotea bure. Kwa hiyo kabla ya kutoboa mtu hupima sana, na baba alipima kwa wiki nyingi. Alikuwa na namna yake ya kuchora. Alilishika bamba juu ya kibatari mpaka likapakaa masizi, jeusi tititi, halafu akachora juu yake kwa ncha ya sindano niliyompa mimi, ile ya kofia. Ilipopita sindano masizi yaliondoka na shaba ikaonekana, mstari mwembamba unaong'aa. Akikosea, alipaka masizi tena akaanza upya.

Nilimuuliza kwa nini hachori kwenye karatasi.

"Karatasi inarowa," akasema. "Hukuona masika?"

Alimaliza kuchora. Palikuwa na mstari ulioshuka katikati, upinde juu yake, na nukta. Injini kama hiyo, nimekuja kuambiwa baadaye, inataka matundu mawili. Yake yalikuwa zaidi ya mawili, na kando ya moja aliweka alama iliyopinda kama ndoana. Alikuwa na jambo lake ambalo alilifikiria mwenyewe. Barazani aliichukua treni akaionesha, na watu wakamchokoza.

"Bwana we, treni ishafika Bububu?"

"Bado iko stesheni. Nnakungoja wewe upande."

"Nipande wapi, na hicho ni kikombe cha kahawa chenye gurudumu?"

Akirudi alimhadithia mama haya yote, huku anacheka peke yake.

Kisha akaumwa. Ilikuwa homa, tukadhani ni homa tu. Hospitali walimlaza, na hakurudi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo juu ya hilo.

Mama akaingia eda. Katika eda yake hakutoka, hakujipamba, na wanaume wasio maharimu wake walipokuja kutoa pole walikaa ukumbini na yeye akawajibu kutoka nyuma ya pazia la chumbani. Sokoni nilikwenda mimi, na kwangu mimi huo ulikuwa mtihani, kwa sababu muuza samaki hapewi ishara, lazima umwambie.

Baada ya siku za matanga niliitoa injini kabatini, nikaiweka mahali pale pale pa baba. Niliogopa mama atakasirika. Alisimama akatazama, akaingia chumbani, akatoka na mto wa kukalia akanipa. Tangu hapo nilifanya kazi mbele yake. Kutu lililobaki kwenye ekseli nililitoa kwa msasa uliokwisha makali, polepole, nisije nikaila ekseli yenyewe. Bomba la shaba lilikuwa limepinda, nikalijaza mchanga mkavu ndani ndipo nikalinyoosha, kama nilivyomwona yeye. Vijipu vya kijani kwenye dele nilivikwangua na kuacha chini pakavu. Bamba sikuligusa. Nililifunika kwa kipande cha kitambaa nikaliweka juu ya kabati la vyombo, lingoje siku tutakayopata wa kutoboa.

"Itazunguka?" mama aliniuliza siku moja.

"Itazunguka, inshallah."

"Kama alivyotaka yeye?"

"Kama alivyotaka. Keshachora kila kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Ile ndiyo mara ya kwanza tangu msiba kumwona akila akamaliza sahani.

Ikafika hitma ya arubaini. Wenyewe mnajua nyumba inavyokuwa. Jamaa wa Jang'ombe na Kikwajuni wangekuja, kina bibi wote wangekuja, na kina bibi wakikaa hutazama vyombo. Kwa hiyo siku moja kabla, vyombo vya shaba vyote huteremshwa: sinia, chetezo cha ubani, mrashi wa marashi, dele. Husuguliwa kwa ndimu na majivu, kwa kumbi la nazi, mpaka mtu ajione uso. Hiyo ni kazi ambayo mama ameifanya tangu usichana, na mikono yake inaifanya bila ya yeye kuwepo. Mimi alinituma sokoni kuchukua tende na ndimu zaidi.

Niliporudi vyombo vilikuwa vimepangwa kwenye mkeka uani, vinakauka juani. Sinia, chetezo, mrashi. Pembeni ya mrashi lilikuwapo bamba.

Lilikuwa linang'aa kama dhahabu. Nililichukua nikaligeuza. Nyuma linang'aa, mbele linang'aa. Nililipeleka kwenye mwanga, nikalilaza, nikalisimamisha, nikitafuta hata mkwaruzo. Mikwaruzo ilikuwapo maelfu, ya majivu, duara juu ya duara, kama mkono wake ulivyozunguka.

Mama akatokeza mlangoni, mikono myeupe kwa majivu, ushungi umemteleza.

"Nimelikuta jeusi, maskini," akasema. "Masizi matupu. Nikasema kitu cha baba yako hakiwezi kukaa na uchafu ule, na watu wanakuja kumwombea dua. Tazama. Limependeza?"

Uso wake ulikuwa na furaha kidogo, furaha ya mtu aliyepata jambo la kumfanyia marehemu.

"Linang'aa, mama," nikasema.

Hitma ikapita. Watu wakala, wakasoma, wakaondoka, na bibi mmoja akausifu mrashi.

Siku zilizofuata nilijaribu kuzirudisha alama kwa kukumbuka. Nilichukua kitambaa cha kofia, nikachora kwa penseli bamba kama lilivyo, kisha mstari, kisha upinde, kisha nukta. Nikachora tena kwenye kitambaa kingine bila ya kutazama cha kwanza. Havikulingana. Ua la kofia nikiliona mara moja naweza kulishona, wateja hunisifu kwa hilo, na alama za baba nilizitazama jioni ngapi, kwa kurunzi, na hazikunikaa. Nilikuwa nikitazama mkono wake, sikutazama alama. Kila mama aliponiuliza kazi imefika wapi nilisema nangoja wa kutoboa. Wala haukuwa uongo.

Basi yeye, kwa wema wake, akampigia simu rafiki wa baba wa Mwanakwerekwe. Akaja siku ya Ijumaa baada ya sala, amebeba keekee ya umeme kwenye mfuko wa plastiki. Ni mtu mzuri, lakini maisha yake yote amezungumza juu ya kelele za pampu, hajui kusema chini.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

"Karibu, shemeji," mama akamwitikia nyuma ya pazia.

"Ahsante. Vipi hali, shemeji? Mungu atakupa subira."

"Amin. Kaa, binti yako atakupa chai. Kazi iko hapo ukumbini, keshaitayarisha yote."

Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Aliishika injini akaizungusha gurudumu kwa kidole, akafurahi. "Umeiamsha, wallahi. Babako angekupa kibanda." Kisha akalichukua bamba. Akaligeuza mara mbili.

"Masizi yako wapi?"

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Nnakuuliza, masizi yako wapi? Hapa palikuwa peusi, na mistari yake. Mimi mwenyewe nimeiona, aliileta kazini akanisumbua nayo kutwa."

Nikamwonesha pazia kwa macho, nikaweka kidole mdomoni. Hakufahamu.

"Unanikonyezea nini? Sema! Nani huyu kalisugua? Kazi ya mtu miezi na miezi, mwengine kaja kaisugua kama sufuria ya wali!"

Nyuma ya pazia mama alikuwa akivuta tasbihi, na mlio wa shanga ulikuwa ukisikika. Ukakatika.

"Ni mimi, shemeji," akasema.

Yule bwana alifumba macho. Akaliweka bamba juu ya sinia taratibu kama yai.

"Ah. Basi si neno, shemeji. Si neno kabisa. Hivi vitu hupimwa upya tu. Mimi napima hapa hapa, natoboa mawili, moja la kuingia na moja la kutoka, na leo leo inazunguka tunakunywa chai."

"Yake yalikuwa mangapi?" mama akauliza.

"Zaidi. Manne, nadhani, au matano. Na ile ndoana."

"Yalikuwa ya nini?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, ngoja uone."

Pazia halikutikisika. Alikuwa amesimama karibu nalo, niliiona miguu yake kwa chini.

"Usitoboe," akasema.

"Shemeji, bila ya tundu hiki ni chuma tu. Nikitoboa mawili itakwenda. Haitakuwa kama yake, lakini itakwenda."

"Usitoboe. Nishaharibu mara moja. Ukitoboa pasipo pake, hata zikipatikana alama hazitakuwa na mahali pa kukaa."

Yule bwana alikunywa chai yake kwa haraka, akaaga kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akasahau keekee akarudi kuichukua.

Alipotoka mama akaja ukumbini. Akakaa kwenye mto wangu.

"Ulijua?"

"Naam. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Uani."

"Na ukaniambia linang'aa."

"Lilikuwa linang'aa kweli, mama."

Akacheka, kicheko kifupi, kisha akajifunika uso kwa leso, akalia. Nilikaa ubavuni kwake. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaiweka juu ya magoti yake.

Baadaye akasema, akiwa ndani ya leso, "Aliniambia matundu yale ya nini. Siku alipomaliza kuchora alikuja jikoni akanieleza yote, moja moja. Na mimi nikamwambia njoo ule, samaki anapoa."

"Hukumbuki hata neno?"

"Namkumbuka samaki. Alikuwa changu wa kupaka."

Alijaribu. Kila siku alijaribu. Alikaa jikoni pale pale aliposimama siku ile, akashika mwiko, akafumba macho. Siku nyengine alisema ni tundu la kupunguza kasi. Siku nyengine ni la kurudi nyuma, kama treni inavyorudi stesheni. Kisha akasema haya anayatunga mwenyewe, akaacha.

Eda ikaisha. Kina shangazi walikuja wakamwogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamtoa mpaka mlangoni. Nilidhani atakwenda kwanza kwa dada yake Kikwajuni. Siku ya pili yake akavaa buibui, akaniambia niichukue simu yangu.

"Tunakwenda wapi?"

"Barazani kwa babako."

Sikupata kumwona mwanamke akienda kusimama pale. Wanaume walikuwa wamekaa kama kawaida, wengine wanacheza bao, muuza kahawa anagonga vikombe. Walipomwona wakasimama wote. Mchezo ukabaki na kete zake. Wakampa pole mmoja mmoja, wa mwisho yule aliyekuwa akimchokoza baba kuliko wote. Mimi nilisimama nyuma ya mama nikitazama viatu vyangu.

"Nimekuja kuulizia treni," mama akasema.

Wakatazamana. Mmoja akatabasamu bila ya kutaka.

"Alikuwa akiileta hapa akawaonesha. Nataka kujua kama yuko aliyeipiga picha. Lile bamba lake, lilipokuwa jeusi."

Simu zikatoka mifukoni. Wazee wa miwani wakaipandisha miwani. Mmoja alikuwa nayo lakini simu ilianguka majini Forodhani. Mwengine alikuwa na picha ya gurudumu peke yake. Yule mchokozi aliperuza kwa muda mrefu, kidole kinapanda, kinapanda, mpaka kikasimama.

"Bi mkubwa, iko hii."

Ilikuwa picha ya baba. Ameinyanyua treni mkono mmoja karibu na shavu lake, anacheka meno yote, na anaonekana anasema neno. Bamba linaonekana jeusi. Na kidole chake gumba kimelishika hapo hapo katikati. Tukaivuta ikawa kubwa, tukaona ukucha, tukaona masizi ndani ya ukucha, na chini ya kidole mstari mmoja mwembamba umetokeza nje kidogo, halafu basi.

Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili. Akakigusa kidole cha baba kwa kidole chake, akakisukuma pembeni. Picha ikasogea yote, kidole na bamba pamoja. Akairudisha, akasukuma tena.

"Ondoa mkono, bwana," akasema. "Ondoa kidogo tu."

Wanaume waligeuza nyuso, wakatazama ukutani na barabarani. Muuza kahawa akammiminia kikombe, akamshikisha.

Picha ile tunayo sasa kwenye simu yangu. Injini iko ukumbini juu ya sinia lake, safi, pistoni inakwenda na kurudi, kutu hamna. Bamba halina tundu hata moja. Rafiki wa baba hupita akalitazama, akaenda zake.

Sasa ninawaomba. Baba alikuwa mtu wa kuonesha. Aliichukua treni Jang'ombe, aliichukua Mwanakwerekwe, siku moja aliipandisha gari za shamba akaipeleka mpaka Makunduchi kwa mteja wa pampu. Watu wengi waliiona mwaka uliopita, baada ya masika, na siku hizi kila mtu hupiga picha. Kama ulikutana na mtu mrefu, mwenye kofia ya viua na mafuta mikononi, aliyekuonesha injini iliyotokana na dele la kahawa, tafuta kwenye simu yako. Hata ikiwa umepata nusu tu ya bamba. Hata ikiwa picha ina giza. Na kama hukupiga picha lakini alikueleza matundu yale ni ya nini, na ndoana ile ni ya nini, basi niandikie kupitia hapo uliposomea haya, uniandikie kama alivyosema yeye, usiyapange upya. Mama anangoja. Akisikia simu inalia huuliza kama ni picha.